Siku Niliyofungua Kompyuta ya Mama Mdogo

Najua Chang'ombe nzima inaijua habari hii, na wapo wanaoisimulia vibaya, wanaongeza moshi na cheche ambazo hazikuwepo, basi bora muisikie kwangu mimi mwenyewe niliyeaibika.

Nilikuwa nimeitwa kwenye usaili wa vitendo, kazi ya kuhudumia kompyuta ofisi moja hapa mjini, na hivyo vitendo ndivyo vilivyonitisha, kwa sababu chuoni tulikuwa darasa zima kwa mashine moja (mimi niliiona kupitia mabega ya watu). Zikiwa zimebaki siku mbili, mama mdogo, ninayemsaidia kwenye duka lake la kuchapa na kutoa kopi, akaenda sokoni, nami nikajiambia, Zuhura, fungua hiyo kompyuta, chomoa kila kitu, rudisha, nusu saa tu. Nikatandika kanga sakafuni nikaanza.

Kuchomoa, jamani, nilichomoa! Kurudisha nako nikarudisha, nikawasha, ikalia pii, pii, pii, kioo cheusi tii. Na hapo hapo akaingia mzee mmoja wa mtaa wa Kikuyu na binti zake wawili, macho yamewavimba, wamefuata ratiba ya mazishi ya mama yao tuliyoiandaa jana yake humo humo kwenye mashine. Gari la kwenda kuzika Hombolo linanguruma nje.

"Shikamoo mzee, dakika mbili tu," nikasema. (Uongo huo ndio ulionimaliza, ningesema ukweli fundi angeitwa mapema.)

Dakika mbili zikawa arobaini. Waombolezaji wakashuka garini mmoja mmoja kuja kuchungulia, mimi nimepiga magoti, jasho linadondokea kwenye feni, mashine inawalilia wafiwa, mara mama mdogo huyo na kikapu chake.

"Zuhura! Umeifanya nini mashine yangu?"

"Najiandaa na usaili, mama."

Mtu akacheka. Msibani! Kisha wakacheka wote, mpaka mabinti wa marehemu.

Akaitwa fundi simu wa duka la jirani, akainama, akabana kipande cha RAM, ile kumbukumbu ya mashine, kwa dole gumba, tak, kioo kikawaka. Kumbe nilikiingiza nusu.

"Dada," akasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "usaili waachie wanaojua."

Nikamkabidhi mzee karatasi zake kwa mikono miwili. "Nisamehe baba, nimekuchelewesha."

Akanitazama. "Marehemu alikuwa mbishi hivyo hivyo. Nenda kwenye usaili wako."

Nikaenda. Watu watatu mezani, mama mmoja akaniuliza kama nimewahi kuharibu kompyuta ya mtu. Ningeweza kukana. "Ndiyo, juzi, mbele ya msiba mzima," nikasema, nikawaeleza yote, wakacheka hadi wakafuta machozi, nami nikasimama nikiwasubiri wamalize. "Sasa nionyesheni mashine yenye tatizo."

Wakanipa iliyogoma kuchapa. Nikaitengeneza, taratibu, hadi karatasi ikatoka.

Kazi akapewa mwingine. Sawa. Nimeapa kwamba sifungui tena mashine ya mtu bila ruhusa, wala wateja wakiwa njiani, lakini anayedhani nitaacha kufungua hanijui. Mwezi ujao nina usaili mwingine, na mama mdogo amekubali niifungue kompyuta yake Ijumaa mchana, duka likishafungwa. Huyo fundi simu, akitaka, aje kuangalia.