Kibati changu kilichobaki ubaoni

Nilitafutwa ndani ya moto nikiwa nje nakunywa chai.

Leo nimekikuta sandukuni kibati chenye jina langu, cha enzi zangu za zimamoto hapa Kigali, miaka ya themanini. Tangu hapo sikaliki.

Ukiingia kwenye moshi, unamwachia shefu, mkuu wa kikosi, kibati ubaoni, ajue nani yuko ndani. Ukitoka, unakichukua.

Siku ile duka la vitambaa mtaa wa Muhima lilikuwa linaungua. Niliingia, nikatoka, nikakisahau kibati. Fundi cherehani jirani akanipa chai.

Shefu akatazama ubao. “Yusufu iko ndani bado.”

Mwenzangu Saidi akarudi kunitafuta.

Alitoka anakohoa, akaniona na kikombe. Hakunitukana, na bora angenitukana. Alikitoa kibati ubaoni akanivalisha shingoni, kama mtoto.

Saidi, ukiiona hii: nimetoka. Kibati ninacho.