Mashua Iliyozibwa kwa Pamba ya Godoro

Mkunga wetu wa kisiwani hana maneno mengi. Asubuhi ile alinipapasa tumbo, akamwambia mama mkwe kwamba mtoto amelala mkingamo na hapa hazaliwi. Nipelekwe hospitali ya Mchukwi, bara. Mimba ya kwanza niliipoteza chumba hicho hicho cha mkunga. Niliogopa yasijirudie yale yale.

Boti ya mashine ilikuwa imekufa injini. Vilivyobaki ufukweni ni vyombo vya tanga, na wanaume wakaanza baraza. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chetu kilikuwa hata hakijaondoka. Mimi nimekaa mchangani nimeshika kiuno, wao wanajadiliana.

Mume wangu alitaka jahazi la baba yake mdogo, kwa kuwa ni kubwa na lina kivuli.

"Jahazi limeshiba boriti za kupeleka Unguja," alisema baba mdogo. "Na haya ni maji mafu, hayajai vya kulielea, linangoja bamvua. Tukilitoa leo, mkwe wangu atajifungulia juu ya fungu la mchanga."

"Basi ngalawa."

"Ngalawa ya kuvulia, mwanangu, mkeo atalala wapi mle? Na zile mbao za ubavuni zitanasa kwenye mikoko, kule mto wa kwendea bara unakobana."

Nilijua watafika wapi. Mashua ndiyo inayotuletea mpunga kutoka Mohoro. Ni pana ya kulaza magunia, basi na mtu atalala, na hupita penye maji machache. Tatizo, ilikuwa juu ya magogo inatiwa kalafati. Pamba kuukuu imeng'olewa katikati ya mbao, mpya imewaishia kabla ya kufika nusu. Ukichungulia kwa ndani, unaona mchanga wa nje.

"Mnangoja nini?" nikauliza kwa ukali. Mke hapandishi sauti mbele ya wakwe zake, najua. Siku ile adabu yote ilikuwa imeniishia.

Mama mkwe akainuka. Alikwenda nyumbani akarudi na godoro kichwani, lile la pamba aliloolewa nalo, akalipasua kwa kisu cha samaki. Maneno yakakoma. Wanaume wakasokota pamba, wakaichovya kwenye mafuta ya papa, wakaishindilia kwenye nyufa kwa patasi na nyundo. Kabla maji hayajaanza kupwa, mashua ilikuwa inaelea.

Ilivuja, sikudanganyi. Mama mkwe alifua maji yaliyoingia, akiyamwaga nje kwa sufuria njia nzima, bila kunitazama wala kunipa pole. Nikasema moyoni, huyu mama ana roho ya jiwe. Bara tulikuta gari tuliloliita kwa simu, likatufikisha Mchukwi kwa mitikisiko ambayo sitaki kuikumbuka.

Nilipasuliwa. Nilipozinduka, binti yangu alikuwa analia kama mtu aliyedhulumiwa, na kila kelele yake niliisikia kama zawadi. Nilikuwa mwepesi mwili mzima. Muuguzi akampa mama mkwe ampakate. Akampokea, akaketi sakafuni naye.

"Kila sufuria niliyomwaga, mwanangu," akasema, machozi yakimtoka, "nilikuwa namwomba Mungu anichukue mimi, awaache nyinyi."

Nilinyoosha mkono nikamshika bega. Tulilia pamoja, na ilikuwa raha kulia tukiwa wote watatu hai.