Niliambiwa mwanangu hasikii, nikamnunulia tranka la bweni

Habari za mchana wakuu. Leo nawaletea aibu yangu mwenyewe, sijatia chumvi hata punje. Mnaotaka kucheka chekeni, mke wangu alishacheka mpaka kachoka.

Mimi nachomelea mageti hapa Mapinga. Karakana iko ubavuni mwa nyumba, kwa hiyo kwetu mtu akiongea taratibu tunajua anaumwa.

Nina binti wa miaka saba, Zuhura. Mwaka huu akabadilika ghafla. Unamwita mara tano, kimya. Unamtuma nyundo, anakuletea ndoo.

Mwalimu wake akasema hasikii. Ustadhi wa madrasa naye, hasikii.

Na mimi si ndiyo najifanya najua kulea? Nikasema hii ni jeuri. Nikafoka, nikamnyima katuni, mwisho nikaamua aende bweni, mbali huko, wakamnyooshe. Tranka nikanunua, na kufuli lake. Mama yake akalia, nikamwambia anadekeza mtoto.

Ilipobaki wiki moja nikampeleka Bagamoyo mjini akamuage mama yangu, alale huko siku mbili.

Kesho yake mama akapiga simu. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, kisha akasema mwanao hasikii.

Nikamjibu najua mama, ndiyo maana anaenda bweni. Akarudia. Nikamwomba avumilie, ni siku mbili tu. Akarudia tena, nikamwambia basi amchape kidogo, ruhusa nimempa.

Hapo akapandisha sauti, na mama yangu si mtu wa kupandisha sauti.

"Rajabu, hasikii kwa masikio! Nimemwita aje ale vitumbua vya moto, kanipa mgongo, hajageuka. Jeuri gani hiyo mpaka kwa kitumbua?"

Nikakaa chini, juu ya geti la mteja.

Tukaenda hospitali. Daktari, dada mmoja mpole, akachungulia na kitochi chake akasema masikio yote mawili yameziba nta. Akatupa dawa ya kudondoshea, siku chache baadaye tukarudi akayasafisha. Kilichotoka sikielezi, humu kuna watu wanakula.

Zuhura akaanza kushangaa mlio wa feni.

Daktari akamuuliza mbona hukusema mapema. Mtoto akajibu bila kinyongo chochote: "Nilimwambia baba. Akasema nisimletee visingizio."

Wakuu, ni kweli aliniambia. Nilikuwa kazini, nimevaa miwani ya kuchomelea, hata sikuivua nimtazame. Nililia pale pale, daktari akajifanya anaandika.

Njiani Zuhura akaniuliza kama bado anaenda bweni. Nikamwambia haendi, atabaki nyumbani na sisi.

Akaniambia nirudie. Nikamuuliza haraka, kwani hujasikia?

"Nimesikia baba. Nataka kusikia tena."

Nikarudia mpaka tumefika Mapinga.

Nilichojifunza: ukiambiwa mtoto hasikii, uliza kwanza ni masikio au makusudi. Na yeye mwenyewe akikwambia kitu, acha kazi umtazame. Tena msiwachokonoe masikio kwa njiti, daktari kakataza.

Haya, kwenu asiyesikia ni nani, mtoto au wewe mzazi? Shusheni maoni hapa chini, matusi pia nayasoma, safari hii nasikiliza.