Gari ya Yaya Isidore Haikupenda Harusi

Ukimtaja Isidore munganga kwa watu wa Kalemie wenye umri wangu, wa kwanza atakuambia juu ya sindano zake, wa pili atakuambia juu ya gari yake, na wa tatu, kama ni mama aliyeolewa miaka ile, atakuambia Isidore alikuwa na maringo. Huyo wa tatu usimsikilize. Mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, na kabla sijaelewa nilimsema vibaya kuliko wote, kwa hiyo nina haki ya kusimulia.

Sisi ni wazaliwa wa Mpala, kusini ya Kalemie kando ya ziwa. Baba alikufa kabla sijaanza masomo, na yaya Isidore, maana kwetu yaya ni ndugu mkubwa, aliyenizidi miaka kumi na sita, njo alinilea. Uuguzi alijifunza kwa masista, udereva alijifunza kwenye lori la misioni, yote mawili kwa wakati mmoja. Alisema ni kazi moja tu: kutafuta mahali panapouma kwa kitu kisichojua kusema. Wakati wa Zaire majina ya ubatizo yalikatazwa, na kwenye karatasi za kazi aliandikwa jina la babu yetu. Nyumbani tuliendelea na Isidore. Serikali haikuwa inakula kwetu.

Gari yenyewe ilikuwa Mercedes ya mwaka 1965, rangi ya majivu, pistoni sita. Mgiriki mmoja aliyeuza vitambaa ndiye aliyekuwa nayo, na siku za Jumapili aliitumia kushindana na wenzake kwenye barabara ya uwanja wa ndege. Mwaka 1974 akaondoka nchini, na hakuna aliyeitaka. Wenye pesa walitaka jeep, wenye akili walitaka lori. Yaya akatoa pikipiki yake pamoja na kiwanja cha Mpala, akaichukua.

Shangazi yetu Pétronille, dada ya baba, aliyeishi nasi na kutuamuru sote, aliizunguka gari ile mara mbili.

"Isidore," akasema, "umeuza udongo wa baba yako, umenunua kioo cha kujitazamia."

"Shangazi, hii itanipeleka kazini."

"Kazini kwako kuna mashimo. Utajitazama ndani ya mashimo."

Kazi yake ilikuwa kwenye dispansere moja ya barabara ya Bendera, kilometa arobaini na mbili kutoka nyumbani. Kule kulikuwa na friji ya mafuta ya taa, lakini ilikufa zamani na watu walikuwa wanatunza bandeji ndani yake. Sasa, dawa ya kuchanja surua haipendi joto. Ikipigwa na jua inabaki maji tu, unamchoma mtoto bure, na surua inakuja kumchukua. Basi siku sita kwa juma yaya alipita kwanza bandarini kwa wauza samaki kuchukua barafu. Alipanga chupa ndani ya kisanduku, akaweka kisanduku kwenye kiti cha nyuma, akakifunga kwa kikwembe cha mama yetu marehemu kama vile tunavyofunga mtoto mgongoni. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi alikuwa barabarani. Malori yalitumia saa tatu kwa njia ile. Yeye, wakati wa kiangazi, alitumia dakika hamsini, na barafu ilifika ikiwa bado barafu.

Barabara ilikuwa imejikunja kama bati la nyumba. Ukienda polepole juu ya mikunjo ile, kila mmoja unakupiga, na jioni unarudi kuokota vyuma vya gari yako njiani. Ukikimbia, magurudumu yanagusa migongo tu, na gari inatulia. Kipimo cha mwendo hakikuwa cha mshale. Kilikuwa utepe unaopanda ndani ya kioo, kwanza wa njano, halafu unageuka mwekundu. Yaya alipenda ukae pale rangi zinapokutana. "Chini ya hapo gari inalia," alisema. "Juu ya hapo nitalia mimi."

Kontere ya kilometa ilikuwa na tarakimu tano tu. Mgiriki alikuwa ameshaizungusha mara moja. Mwaka 1977 ikakaribia kuzunguka tena, na yaya akasimamisha gari katikati ya pori akawashusha abiria wake, akina mama wawili wenye mimba na mzee mmoja na kuku wake, waje mmoja mmoja dirishani kutazama sifuri tano.

Mzee akauliza, "Kwa hiyo sasa iko mupya?"

"Mupya kabisa, baba. Panda."

Lakini ilikuwa pia gari nzuri kuliko zote mjini, na kila aliyeoa au kuoza aliitaka. Kwetu harusi ya miaka ile haikuwa harusi bila msafara. Fanfare ya parokia inatangulia kwa miguu na matarumbeta yake, nyuma yake gari ya maarusi, nyuma tena ukoo mzima, kutoka kanisani mpaka ukumbini, kwa mwendo wa mtu anayetaka kutazamwa. Yaya alikataa wote. Alimkataa mkubwa wa bandari, alimkataa mwalimu wake wa zamani. "Gari hii haifi kwa kukimbia," aliwaambia. "Inakufa kwa kutembea." Nani angemwamini? Hata mtoto anajua kwamba mwendo wa pole njo unatunza chombo.

Halafu ikafika zamu yangu.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka 1979, nami nina miaka ishirini na mmoja. Floribert, mchumba wangu, alikuwa karani bandarini, watu wake ni wa Moba, na walikuwa wanakuja wote kwa boti. Mama yake, Mama Virginie, mwanamke wa utani mkali, alitanguliza neno: amesikia watu wa Mpala wanaoza binti zao kwa miguu, kwa hiyo yeye atavaa viatu vya chini. Neno hilo lilizunguka kata yetu yote kabla ya chakula cha mchana.

Nikamwendea yaya. Akaniambia hapana.

"Odile, mwezi huu kuna surua kule. Juma lililopita tumezika watoto wanne. Jumatatu niko na dawa ya watoto mia mbili, nimeingoja tangu Pasaka. Gari ikichemka Jumamosi, Jumatatu dawa nitaibeba kichwani?"

"Ni kilometa tatu tu, yaya."

"Hizo tatu njo mbaya kuliko zile arobaini na mbili."

Siku nne sikusema naye. Nilimpikia, nikaweka sahani mezani, nikageukia ukuta. Siku ya tano shangazi aliingia akaketi mbele yake.

"Isidore, leo wewe njo baba yake. Baba gani anapakia mugonjwa asiyemujua, anaacha mutoto wake atembee katika vumbi na nguo nyeupe?"

"Shangazi, hao ninaowapakia wanakufa."

"Na huyu anaolewa mara moja. Virginie ameshatafuta viatu."

Yaya alimtazama, akanitazama mimi na ukuta wangu. "Sawa," akasema. "Lakini kwenye usukani niko mimi."

"Nani mwingine hapa anajua kuendesha?" shangazi akamjibu. "Mimi?"

Jumamosi gari iling'aa hata ukaona ziwa ndani ya mlango wake. Akina mama walikuja na maua ya kufunga mbele, yaya akayahamishia nyuma yote, kwa sababu mbele njo gari inavutia pumzi. Wakanuna. Misa ikaisha, tukapanda, mimi na Floribert nyuma, yaya peke yake mbele, amenyooka ndani ya abakosti yake, ile suti ya wakati wa Zaire isiyovaliwa na tai. Fanfare ikaanza.

Mkubwa wa fanfare alikuwa Siméon, mtu wa kifua kikubwa na hatua fupi. Siku ile aliamua kusimama na kupiga wimbo mzima mbele ya nyumba ya kila mtu anayemfahamu, na Siméon aliufahamu mji mzima. Mimi nilikuwa ninapunga mkono. Watu walitoka mpaka juu ya kuta. Nilimwona Mama Virginie kando ya gari na viatu vya juu, na moyo wangu ukashiba.

Kisha nikaona mabega ya yaya. Hakuwa anatazama barabara tena, alikuwa anatazama kipimo cha joto.

Gari ile ilikuwa na kifaa cha kupasha watu moto, kazi ya nchi za baridi. Ukikifungua, kinanyonya joto la injini na kulileta kwa abiria. Yaya alikifungua chote. Joto likatujia miguuni, likapanda ndani ya nguo yangu, poda ikaanza kushuka shingoni. Floribert, ndani ya kitambaa kizito, alivumilia kama mkwe anayepimwa.

"Shemeji," akasema mwishoni, taratibu, "tunaiva."

"Vumilia. Dakika mbili."

Siméon akasimama tena, mbele ya nyumba ya fundi cherehani.

"Shemeji, ulisema mbili."

Harufu ya mpira unaoungua ikaingia. Tulikuwa tumefika pale barabara ya uwanja wa ndege inapojitenga. Yaya akasema, "Odile, unisamehe," akakata usukani.

Sijui niseme nini juu ya mwendo ule. Nilikuwa nimepanda gari ile mara nyingi pamoja na wagonjwa, lakini sikuwahi kuwa na shela kichwani. Shela ikatoka dirishani nikaishika kwa mikono miwili. Utepe ukapanda njano, ukapanda mwekundu, na upepo wa ziwa ukaingia ukatukausha. Floribert akaanza kucheka, nami nikacheka. Tangu posa, ile ilikuwa mara ya kwanza tunaketi pamoja bila shangazi wa mtu katikati. Akanishika mkono.

"Ninawaona," yaya akasema bila kugeuka.

Tukafika uwanja wa ndege, tukazunguka, tukarudi mbio vilevile, na mshale wa joto ukashuka kidogo kidogo.

Huku nyuma mambo yalikuwa yameharibika. Mama Virginie alisimama katikati ya njia akitangaza kwamba watu wa Mpala wamemwiba mtoto wake mwanamume. Fanfare, ambayo haitazami nyuma, iliendelea kupiga na kutembea bila kujua lolote. Na sisi, kwa sababu yaya alipita njia ya juu ili asisimame, tulitokea upande wa ukumbini, uso kwa uso na Siméon. Akashusha tarumbeta. Akatutazama, akageuka kutazama msafara wake, akatutazama tena.

"Isidore," Mama Virginie akasema alipotufikia, viatu mkononi, "mutoto wangu mumemupeleka wapi?"

"Kupumua, mama."

"Mbuzi wawili. Kwa wizi wa bwana harusi, mbuzi wawili."

"Mmoja," shangazi akasema kutoka nyuma. "Tumemurudisha akicheka."

Kesho yake watu walikula tena, lakini yaya hakuja. Yaliyotokea alinisimulia shangazi mwenyewe. Alimpelekea sahani akamkuta chini ya gari, miguu tu inaonekana. Mpira unaopitisha maji ulikuwa umepasuka kwa joto la Jumamosi, na mpira wa aina ile Kalemie haukuwepo. Yaya alikuwa anauzungushia kipande cha mpira wa baiskeli na kukikaza kwa waya.

"Umeifanya nini gari ya watu?" shangazi akamwuliza.

"Ni wewe uliyesema, shangazi."

"Nilisema ubebe harusi. Sikusema uipike."

Lakini aliketi. Akawa anampa funguo za kukazia, kila mara ufunguo usiofaa. Jua lilipoelekea kushuka akauliza kwa sauti nyingine, "Kesho itafika?"

"Sijui."

Jumatatu, yaya aliporudi kutoka bandarini na barafu, kwa miguu ili asiichoshe gari, alimkuta shangazi ameshaketi kiti cha nyuma, amejifunga vizuri, mikono imenyooshwa kupokea kisanduku. Alikiweka juu ya magoti yake, akakifunika kwa mwili wake dhidi ya jua, kilometa zote arobaini na mbili. Mara tatu walisimama kuongeza maji. Mara tatu yaya alishika kile kiraka kwa kitambaa, akasikiliza, akapanda. Kiraka kilishika. Kisanduku kilipofunguliwa barafu ilikuwa imebaki vipande kama ngumi, na chini ya mti, mpaka barabarani, akina mama walikuwa wamepanga mstari na watoto wao.

Jioni shangazi alipita kwangu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Haikuwa desturi kumtembelea bibi arusi mapema hivyo. Alikunywa maji, akakaa.

"Kule kuna mama ametembea tangu juzi," akasema. "Na mapacha." Kisha akaniambia sufuria zangu nimezipanga vibaya, akaenda nyumbani.

Gari ilifanya kazi mpaka mwaka 1988. Kontere ilizunguka mara mbili tena, na yaya, aliyemaliza kazi na nywele nyeupe, alisema hakujua ni nani kati yao aliyembeba mwenzake. Hakuna harusi nyingine iliyoipata, lakini hiyo haikuwa kazi ya yaya. Tangu Jumatatu ile, mwenye kuomba gari alikutana kwanza na shangazi.

Mwezi wa tisa wa mwaka uleule wa harusi yangu alikuja mjumbe wa mkubwa mmoja wa mji, bwana wa viatu vinavyong'aa. Mimi nilikuwa pale, tunachagua ndagala juu ya mkeka. Alisema mkubwa anaoza binti, anaomba gari ya munganga kwa saa moja tu, mwendo wa polepole kabisa, haitaumia.

Shangazi hakuinua macho.

"Bibi arusi ana surua?"

"Hapana, mama."

"Ana mimba iliyokaribia?"

Yule bwana akakohoa. "Hapana, mama."

"Basi aende kwa miguu," shangazi akasema, akatupa samaki mmoja mbovu pembeni. "Miguu haichemki."