Koti la Mtumishi

Mama Vifungo alikuwa fundi wa mavazi katika ukumbi wa maigizo, na kwa jinsi alivyokaa pale miaka mingi, wengi walishasahau jina alilopewa na wazazi wake. Chumba chake kilikuwa nyuma ya jukwaa, chembamba, chenye cherehani mbili na dirisha lililogoma kufunguka. Mumewe alikuwa mwigizaji. Kila walipocheza ile komedi ya zamani ya mapenzi, yeye ndiye aliyekuwa mtumishi.

Komedi hiyo ilikuwa na wapenzi wa kila namna. Kulikuwa na kijana aliyechanganyikiwa kwa kumpenda msichana aliyemwona mara moja tu. Mjane na jirani yake waliorushiana maneno makali mpaka siku ya harusi yao. Na tajiri mmoja aliyejipenda mwenyewe kuliko yeyote. Halafu mtumishi, aliyempenda kimyakimya mwanamke aliyemwajiri. Mumewe aliwaliza watu kwa nafasi hiyo, kisha akirudi nyumbani anakula bila kusema neno.

"Maneno matamu yote unayamwaga jukwaani," mkewe alilalamika. "Mimi unaniletea makombo."

Mzee alicheka tu, akaenda kumchemshia maji ya kuoga, maana miguu ya mkewe ilivimba kwa kusimama. "Maji tayari. Njoo kabla hayajapoa." Ndiyo maneno yake ya kila jioni.

Kisha mzee akafariki ghafla. Nafasi yake ikapewa mtu aliyewahi kuwa dereva wa lori. Mama Vifungo alipolitoa koti la mtumishi kabatini ili alipunguze mabega, lilikuwa na joto, kama limevuliwa sasa hivi. Akasingizia jua, ingawa kabati lilikuwa kivulini.

Katika mazoezi, dereva alifika katikati ya jukwaa, akanyamaza. Kisha akasema polepole, kwa sauti isiyo yake, "Maji tayari. Njoo kabla hayajapoa."

Wenzake wakaangua kicheko.

"Hayo umeyatoa wapi, kaka?" mwongozaji akauliza.

"Yapi? Mimi nimesema ya kwenye mchezo."

Pembeni ya pazia, sindano ilimponyoka Mama Vifungo.

Mazoezi yaliyofuata yakawa vilevile, ila sasa dereva aliupa ukumbi mgongo, akamkodolea Mama Vifungo macho bila kupepesa. Alipolivua koti alimsukumia mama mikononi.

"Mama, nikilivaa hili nahisi mtu ananifunga vifungo kwa ndani. Silitaki tena!"

"Livae kesho tu, mwanangu. Nakuomba."

Kesho yake, maneno yalipotoka, Mama Vifungo aliingia jukwaani mbele ya wote.

"Asante, mzee wangu," akasema. "Yaache yapoe. Mimi bado nina kazi. Wewe kapumzike."

Hakuna aliyecheka. Mkono wa koti ukainuka, ukamgusa shavu. Dereva aliapa baadaye kwamba si yeye aliyeuinua. Kisha akapiga chafya, akaendelea na mchezo.

Tangu hapo koti likawa baridi kama nguo nyingine yoyote. Mwongozaji alitaka yale maneno yabaki, lakini dereva alipoyakariri hayakuwa na ladha, yakaondolewa. Mama Vifungo alipata usingizi, ila kwa muda, kwa majonzi, alimkaripia kila aliyemsogelea.

Macho yalipomchoka alihamia kwa binti yake. Binti akimwuliza kama hakuogopa siku ile, hujibu kwamba aliogopa mno, lakini alimwonea mzee wake huruma zaidi.