Damu Niliyokatazwa Kutoa

Siku yangu ya kwanza ya kazi maabara, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikabidhiwa hadubini moja na kisanduku cha slaidi, vile vioo vyembamba vya kupakia damu. Muuguzi Mkuu alinichoma kidole yeye mwenyewe.

"Kundi O," alisema. "Vizuri. Umekuja na kazi mbili."

Sikumwelewa mpaka baadaye. Hospitali yetu, upande wa Kibondo, haikuwa na jokofu la kutunzia damu. Mgonjwa akipungukiwa damu, walitolewa ndugu zake. Wasipofaa, alitolewa mtumishi. Damu ya kundi O hupewa karibu kila mtu, kwa hiyo akiba ya hospitali nikawa mimi. Nilitoa mara nyingi, tena kwa fahari.

Kisha wakapita watafiti, wakachukua damu za watumishi. Baada ya miezi ikaja barua: damu yangu ina antijeni ya Australia. Ndivyo ilivyoitwa wakati ule alama ya ugonjwa mnaoujua ninyi kama homa ya ini B. Sikuwa naumwa hata kichwa.

Nilikwenda Kasulu kumwona daktari wa misheni. Alinibonyeza ubavu wa kulia, akaisoma barua mara mbili.

"Damu usitoe tena," alisema. "Unaweza kukaa na ugonjwa huu miaka mingi bila kuumwa, ukampa mwingine. Naye huenda asiujue hadi miezi sita ipite."

Niliporudi, Mganga Mfawidhi wetu, daktari pekee tuliyekuwa naye, aliiweka barua mezani.

"Ndugu Bukuru, macho yako meupe, ini halijavimba. Uliugua utotoni, ukapona. Kipimo chenyewe kigeni. Nikikukosa wewe, wagonjwa nitawapa damu ya nani?"

Nimsikilize yupi? Nyumbani nilitenga sahani na kikombe changu; mke wangu alipouliza, nikasema nina mafua. Kila asubuhi nilijitazama macho kwenye kioo. Nikawa nawakumbuka wote waliopata damu yangu, mmoja mmoja.

Mchana mmoja wa masika aliletwa Yustina, mkulima wa Kasanda, akiwa kwenye machela. Alikuwa amejifungua nyumbani na damu haikukatika. Mumewe Filbert na shemeji yake walipimwa; damu zao zilikataana na yake. Mtumishi mwingine wa kundi O alikuwa likizo. Mganga Mfawidhi alinitazama tu.

Nilimvuta Filbert hadi mlangoni mwa wodi, nikamweleza yote.

"Bila damu?" aliuliza.

"Hafiki jioni."

"Na akipewa hiyo yako?"

"Anaweza kupona. Ila ini lake laweza kuugua baadaye, au lisiugue. Madaktari wenyewe hawakubaliani."

"Mpe. Lakini usimwambie. Atakosa usingizi."

Nikalala, nikanyoosha mkono.

Kila mwezi nilipanda baiskeli hadi Kasanda, kwa kisingizio cha kumwona mtoto. Nilikuwa namtazama mama yake macho. Mwezi wa nne tangu aongezwe damu yakawa ya manjano, na mkojo, Filbert aliniambia, ulikuwa kama chai ya rangi. Yustina alilala wiki tatu. Kisha akainuka, akarudi shambani.

Hapo sikuweza tena kunyamaza. Nilimkuta akichambua maharage, nikamwambia.

"Najua," alisema.

"Filbert alikwambia?"

"Nilikuwa nimelala hatua tatu kutoka pale mliposimama, Ndugu Bukuru. Nguvu ziliniisha, masikio hayakuniisha. Ningekubali. Lakini hakuna aliyenigeukia."

Akaendelea kuchambua maharage.

Nilihamishiwa Kasulu, kisha Kigoma mjini, nikastaafu huko. Siku hizi damu hupimwa kabla ya kuongezwa, na watoto wachanga huchanjwa. Ini langu bado linanivumilia. Vijana wa maabara huniuliza ni daktari gani alikuwa sahihi. Yule wa Kasulu alikuwa sahihi kuhusu damu yangu. Yule wetu alikosea, ila mchana ule sikuwa na jibu bora kuliko lake. Kosa la kutomuuliza mwenye mwili lilikuwa langu.

Yustina yu hai, ana wajukuu. Juzijuzi nilimtembelea, nikamshauri akapime kama ugonjwa bado anao. Aliniuliza maswali mengi kabla ya kusema ndiyo au hapana, nami nikavuta kigoda, nikayajibu yote.