Uzi wa Moshi

Mama Dobi alikuwa mkali kwa moshi wa jirani. Wa kwake aliufungia ndani. Miaka ishirini na mitatu alipiga pasi ya mkaa katika chumba cha nyuma, madirisha yamefungwa ndi, ili upepo usije ukapeperusha majivu na kuchafua mashati meupe ya watu. Na yalitoka meupe kweli, we acha tu! Binti yake alilelewa humo humo, chini ya meza ya kupigia pasi, na alipokua akashika pasi ya pili.

Kisha mama akaanza kuishiwa pumzi. Hatua kumi tu, anashika ukuta. Hospitali wakamwambia ana shinikizo la damu la mapafu: mishipa ya humo imekuwa minene na migumu, moyo unasukuma damu mpaka unachoka.

"Mbona pacha wangu mzima?" akamaka. "Tumefanana hadi kucha! Yeye anauza maua barazani, anapanda ngazi huku anaimba."

Daktari, dada mpole mwenye miwani, akavuta kiti. "Vinasaba vyenu ni vilevile, mama. Ila mwili huvitia alama ndogo ndogo, za kusema hiki kifanye kazi, hiki kinyamaze. Moshi huweza kuzibadili alama hizo. Siwezi kuapa, lakini huenda ile miaka ya mkaa imechangia."

Mama Dobi akaelewa chapchap. Si ndiyo kazi yake? Kila nguo aliitia uzi kwenye pindo: mwekundu, usitie wanga; wa bluu, tia. Mashati mawili ya jora moja, uzi mbalimbali, moja linatoka laini, jingine limekakamaa kama kadibodi.

"Zinafumuka, hizo alama?"

"Baadhi huenda. Wataalamu bado wanahangaika nazo."

Hapo akakumbuka jambo. Juzi alimsikia binti yake akitweta kwenye ngazi. "Na mwanangu je? Naye amekulia kwenye moshi ule ule."

"Mlete tumpime."

Kesho yake binti akaingia chumba cha vipimo, mama akabaki kwenye benchi. Dawa alizopewa zilimlegeza, usingizi ukamchukua taratibu. Akajiona anatembea ndani ya kifua chake mwenyewe, ukumbi mrefu wenye mwanga mweupe kama maziwa, nguo zimeanikwa kushoto na kulia, zinapumua. Moshi umekaa kitako, unashona pindo bila haraka, wala hauna ubaya na mtu. Mwisho wa kamba kilining'inia kigauni cha mtoto mchanga. Akakishika pindo. Akaogopa kuligeuza aone rangi ya uzi. Aliogopa jamani, mpaka machozi yakamtoka usingizini.

"Mama! Mama, amka!" Binti amesimama mbele yake, meno yote nje. "Mzima! Moyo sawa, mapafu sawa. Kule kutweta ni vile vikapu viwili vya nguo nilivyobeba. Haya twende, mashuka ya hoteli yananisubiri."

"Hayakusubiri wewe. Nimekufukuza kazi."

"Ala! Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Usikanyage tena chumba kile."

"Sasa nani atawapigia watu pasi?"

"Wavae na makunyanzi yao, kwani watakufa?"

Binti akacheka, kisha akamtazama vizuri mama yake, akaacha kucheka. Akataka kwenda kuita teksi. Hakuweza, maana yule aliyemfukuza alikuwa amemshika mkono kwa nguvu zake zote, hataki kuuachia.